Mbwa wangu kakutwa akitetemeka bustanini alfajiri. Kuna nini kwenye bustani yangu?

#1 KitaluChangu
Wakuu habari za humu. Naomba mnisaidie kufikiri, kichwa changu kimechoka.

Juzi saa kumi na moja na nusu alfajiri nilimfungulia mbwa wangu, Kifaru, atoke kama kawaida. Ana miaka 4, kilo 14, hajawahi kuugua zaidi ya minyoo ya utotoni. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Saa moja kasoro nikamkuta kalala kando ya shimo la mboji, miguu imekakamaa, mwili wote unatetemeka, udenda unamchuruzika mpaka chini. Nikimgusa anashtuka na kutetemeka zaidi. Alishatapika mara mbili, na mwili ulikuwa wa moto mno. Nilimbeba hadi kwa daktari wa wanyama, akatundikiwa dripu, akachomwa dawa ya kulegeza misuli, akalazwa siku 2. Sasa yuko nyumbani, anakula, ila bado mnyonge.

Daktari anasema ni sumu, lakini ipi hakuweza kusema. Na hapo kosa ni langu: matapishi niliyamwagia maji nikayafagia kabla sijawaza kuyahifadhi.

Bustanini kuna shimo la mboji nililoligeuza siku moja kabla, matuta ya mboga, waridi nilizotia unga wa mifupa, na ua wa oleanda ambao niliupogoa wiki iliyopita. Mvua ikinyesha vyura wanajaa, konokono nao usiseme. Sumu ya dukani situmii kabisa. Paka wangu hana neno.

Ni nini hiki? Na nianze kuondoa nini?

#2 Jembe Butu
Pole sana mkuu. Ngoja wajuzi waje. Nami nina mbwa na nina mboji, kwa hiyo sibanduki hapa.

#3 MwanaUkoka
Huyo ni chura, usihangaike. Mwaka juzi mbwa wangu alimdaka chura wa nchi kavu, wale wenye mgongo wa vipelevipele, si wale laini wa majini. Dakika 5 hazikupita povu likamtoka, fizi zikawa nyekundu kama damu, akawa anajiparura mdomo kwa makucha. Mvua ilikuwa imenyesha vilevile kama kwako. Tangu siku hiyo chura nikimwona namwagia chumvi. Mwagia chumvi bustani nzima, habari imeisha.

#4 Fundi Majani
Chura gani wakati kuna ua mzima wa oleanda? Mmea ule kila sehemu yake ni sumu: jani, ua, gome, mpaka maji ya chombo ulichowekea maua. Na likikauka jani halipotezi sumu. Mleta mada kapogoa wiki iliyopita, matawi yamelala chini, mbwa katafuna. Ng'oa ua wote kesho asubuhi.

#5 Nyungunyungu
@MwanaUkoka ndugu yangu, chumvi bustani nzima? Utaua udongo, utaua mimea, utamtesa kiumbe anayekulia wadudu usiku kucha bila malipo, na mbwa akilamba chumvi nyingi hiyo nayo ni sumu kwake. Tafadhali futa ushauri huo.

#6 MgangaMifugo
Nimetibu wanyama miaka 31, sasa nimestaafu na nalima bustani. Mnisamehe kwa urefu.

Sumu ya chura hufanya kazi haraka, ndani ya dakika chache, kama alivyoeleza #3. Udenda, povu, fizi nyekundu, kujifuta mdomo. Vyura wengi humwachia mbwa udenda na aibu, basi. Wachache sumu yao hugonga moyo na kuleta degedege, hasa yule chura mkubwa wa miwa mwenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini. Kwa hiyo chura anawezekana, ila si mtuhumiwa wangu wa kwanza.

Oleanda hushambulia moyo. Mnyama hutapika, huharisha, moyo unapiga polepole au unarukaruka. Kutetemeka kunaweza kuja, lakini mwili kuwaka moto na kushtuka kila akiguswa si picha yake ya kawaida.

Mtetemo, joto kali, kushtuka kwa mguso au sauti: hapo mimi nawaza vitu viwili kwanza. Dawa ya kuua konokono yenye metaldehaidi, na ukungu wa kwenye mabaki yaliyooza. Mleta mada, naomba majibu matatu. Mboji yako ina nini ndani? Jirani anatumia dawa ya konokono? Mboni za macho zilikuwa pana au ndogo kama ncha ya sindano?

#7 Kobe Mzee
Mimi nasema katupiwa. Kuna watu hawapendi mbwa. Wanapaka sumu kwenye kipande cha nyama wanarusha ukutani usiku. Yalinikuta, nikapoteza mbwa wawili kwa mwezi mmoja. Kagua ukutani kabla ya kukagua vyura.

#8 KitaluChangu
Asanteni. @MgangaMifugo mboni zilikuwa pana, nakumbuka macho yalionekana meusi kabisa. Mboji ina majani makavu, nyasi, mabaki ya jikoni, na wiki mbili hivi nyuma nilitupa mkate ulioota ukungu pamoja na mabaki ya wali. Shimo halina mfuniko. Jirani nitamuuliza leo jioni.

@Kobe Mzee pole kwa mbwa wako. Nisingependa kumshuku mtu, ila nitakagua.

#9 Nyungunyungu
Mkate wenye ukungu! Mkuu, hapo hapo simama.

Ukungu wa aina fulani unaoota kwenye mkate, nafaka, jibini na kokwa hutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Mbwa akila huanza kutetemeka kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa baadaye, joto linapanda, akiguswa anashtuka. Ni vilevile ulivyoandika. Na ulikuwa umegeuza mboji siku moja kabla, kwa hiyo kilichokuwa chini kikaja juu, harufu ikamwita. Mkate, wali, nyama, maziwa, mifupa, hivyo havitupwi kwenye shimo lililo wazi. Majani, nyasi na maganda ya mboga yanatosha.

#10 Jembe Butu
Nimetoka kufunika shimo langu sasa hivi. Nimeweka bati na mawe manne juu.

#11 Asha wa Mawaridi
Naomba kubisha kidogo. Nina mboji mwaka wa 20 huu, mbwa wangu watano kwa zamu zao wamefukua humo na hakuna aliyetetemeka. Kilichowahi kumlaza mmoja ni huo unga wa mifupa ambao mmeupita kama haupo. Una harufu ya nyama. Alifukua waridi tatu, akala unga pamoja na udongo, ukamgandia tumboni kama saruji. Alitapika siku nzima, tumbo limevimba. Mleta mada kasema waridi zake zina unga wa mifupa. Umeangalia kama zimefukuliwa?

#12 MgangaMifugo
Dada Asha, ni kweli, unga wa mifupa huziba tumbo na unaweza kuwasha kongosho. Lakini wenyewe hautetemeshi. Mbolea za mifupa au damu zikichanganywa na dawa ya wadudu hapo ni hadithi nyingine, ndiyo maana nauliza kila mara kama mfuko wa mbolea bado upo ili tusome umeandikwa nini.

Kuhusu miaka 20 bila ajali: si kila ukungu una sumu hiyo. Huyo huyo mbwa anaweza kula mboji mara 50 asidhurike, ya 51 ikamwangusha.

#13 Tandu
Mngempa maziwa tu mapema. Au mafuta ya kula vijiko viwili. Kwetu mbwa akila sumu ni maziwa, na kama hayapo chumvi ili atapike.

#14 MgangaMifugo
@Tandu najua unasema kwa nia njema, na ushauri huu nimeusikia tangu nikiwa kijana. Nakuomba uuache. Maziwa hayavunji sumu. Mafuta yanaweza kusaidia baadhi ya sumu kuingia mwilini haraka zaidi. Chumvi ya kutapisha imeua mbwa ambao ile sumu ya kwanza isingewaua. Na mbwa anayetetemeka ukimmiminia chochote mdomoni kitaingia mapafuni. Asitapishwe akiwa na degedege, akiwa amelegea, au kama alichomeza kinaunguza.

Fanya hivi: mwondoe hapo alipo, mfunike macho kwa kitambaa chepesi apate giza na utulivu, kama amewaka mloweshe kwa maji ya kawaida, mpigie daktari ukiwa njiani. Beba mfuko, kopo, tawi au matapishi. Matapishi kijiko kimoja kwenye mfuko wa plastiki yanatosha kabisa.

Kwa chura pekee ndipo mdomo unasafishwa. Chukua kitambaa kibichi, futa fizi, ulimi na ndani ya mashavu ukivuta kuelekea nje, suuza kitambaa, rudia. Kichwa kiinamishwe. Usimwelekezee bomba la maji kooni.

#15 MwanaUkoka
Hapo kwenye bomba nilikosea mimi, nilimmiminia maji moja kwa moja. Nashukuru daktari. Na chumvi nimeacha, @Nyungunyungu.

#16 Nyungunyungu
Umenifurahisha leo. Chura wako watakulipa kwa konokono.

#17 Mkia wa Paka
Mmeongea mbwa tu, naomba niingize paka kwa sababu mleta mada kasema anaye.

Maua ya lili, yale ya kengele ndefu yenye vumbi la njano au la kahawia katikati, usiyalete nyumbani wala bustanini kama una paka. Niliwahi kuletewa shada. Paka wangu alipita chini yake, vumbi likamwangukia mgongoni, akajilamba. Sikuona ametafuna jani hata moja. Siku hiyo alitapika mara moja akatulia, nikadhani nywele zimemkaba. Siku ya tatu figo zilikuwa zimekwisha. Laiti ningejua kwamba saa 18 za kwanza ndizo zenye matumaini, ningekimbia usiku ule ule. Jani, ua, vumbi, hata maji ya chombo. Nimeandika hapa ili paka wa mwingine apone.

#18 Asha wa Mawaridi
Pole sana mdogo wangu. Na yale "lili ya amani", majani mapana ya kijani na ua moja jeupe kama sahani, nayo ni hivyohivyo? Ninayo sebuleni mwaka wa 6 na paka anapita.

#19 Fundi Majani
Yale si lili za kweli, dada, ni jina tu. Jina lake la kitaalamu ni Spathiphyllum, ukoo mmoja na Dieffenbachia. Yana vijisindano vidogo sana ndani ya jani vinavyochoma mdomo na ulimi. Paka atatokwa na udenda, mdomo unaweza kuvimba, lakini figo hayaziui. Yapandishe juu tu. Zile za kuogopa kuliko zote kwa figo ni Lilium, na nyingine inaitwa Hemerocallis, ambayo ua lake hudumu siku moja tu.

#20 Upepo Mwanana
Paka wa jirani anakojolea matuta yangu ya mboga kila siku. Nilisoma kwamba ukimwaga machicha ya kahawa hawaji. Nimemwaga ndoo nzima.

#21 MgangaMifugo
Yaondoe, ndugu. Kahawa ina kafeini, na machicha hayaishiwi nayo yote. Mbwa akila ya kutosha moyo unakwenda mbio, anatetemeka. Maganda ya kakao yanayouzwa kama matandazo ni hatari zaidi, yana theobromini na yana harufu ya chokoleti. Nafthalini nayo usiiweke, maana najua mtu ataitaja.

Paka hapendi kukanyaga kitu cha kuchoma wala ardhi yenye unyevu. Laza wavu wa kuku juu ya tuta, ufunike kwa udongo kidogo, mimea ipite kwenye matundu. Au chomeka vijiti vifupi vingi, umbali wa kiganja. Na vaa glovu ukilima hapo, osha mboga vizuri. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplazma, ambavyo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka ndipo viambukize. Mjamzito asiguse udongo huo mikono mitupu.

#22 Kobe Mzee
Nafthalini nilikuwa nataka kuitaja kweli, daktari. Nimezungusha nyumba nzima kwa ajili ya nyoka.

#23 Bundi Macho
Mzee wangu, nyoka haogopi nafthalini. Wamejaribu hiyo, wamejaribu salfa, nyoka anapita juu yake anaendelea na safari. Anayedhurika ni mbwa au mtoto anayezimeza. Nyoka anafuata panya, na panya anafuata chakula cha mbwa kilichoachwa nje usiku na mboji yenye mabaki. Ondoa rundo la matofali na kuni lililogusa ukuta, fyeka nyasi, ziba matundu.

Na panya mkitaka kuwapunguza, nawasihi sumu iwe ya mwisho kabisa. Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda, mbwa akila haonyeshi kitu siku 3 hadi 5, halafu anatokwa damu ndani kwa ndani. Akiwahiwa hutibiwa kwa vitamini K1, mara nyingi kwa wiki kadhaa. Bundi naye akila panya wenye sumu anakufa yeye, na wale panya 100 ambao angewala wanabaki.

Wavu wa kuzuia ndege nao uangalieni. Ule laini wenye matundu makubwa uliolegea chini unanasa nyoka, ndege, mijusi, popo. Nimekata popo mmoja kwa mkasi, saa nzima. Tumia wenye matundu madogo kiasi kwamba kidole hakipiti, uuvute ukaze. Jimbo la Victoria kule Australia limeshaweka sheria tangu Septemba 2021, tundu lisizidi milimita 5 kwa 5 kwenye miti ya matunda ya nyumbani.

#24 KitaluChangu
Nimerudi na habari, na zimenichanganya zaidi.

Kwanza jirani. Mzee muungwana sana, alisikitika mno. Kweli anatumia dawa ya konokono, vidonge vidogo vya rangi ya buluu, kamwaga kwenye maua yake yanayopakana na ukuta wangu jioni ile ile kabla ya mvua. Kanionyesha boksi: metaldehaidi. Chini ya ukuta kuna tundu la maji ya mvua, na upande wangu nimeokota vidonge vitatu vilivyolainika.

Pili mboji. Nimefukua taratibu na glovu. Mkate upo, umeliwa nusu na una alama za meno. Meno ya nani sijui.

Tatu, chini ya oleanda nimekuta chura amekufa, ametobolewa ubavuni.

Waridi hazijafukuliwa. Nyama ya kutupwa hakuna.

#25 Jembe Butu
Duh. Kila mtu humu ana ushahidi wake.

#26 Fundi Majani
Chura kafia chini ya oleanda, mbwa alikuwa anapita pale. Nashikilia hoja yangu ingawa daktari ameipunguza nguvu. Ulimuuliza daktari wako mapigo ya moyo yalikuwaje?

#27 KitaluChangu
Nimempigia. Kasema moyo ulikuwa unakwenda mbio lakini kwa mpangilio, haukuruka. Joto lilifika nyuzi 41.

#28 MgangaMifugo
Basi oleanda inarudi nyuma zaidi, bila kuondoka kwenye orodha. Mbio zenye mpangilio na nyuzi 41 zinaweza kuletwa na mtetemo wenyewe.

Kati ya metaldehaidi na ukungu, kwa dalili tu siwezi kuchagua, na nisingemwamini anayesema anaweza. Zinafanana mno, hata matibabu ya saa za kwanza yanafanana: kutuliza mtetemo, kupoza mwili, dripu. Tofauti ni kwamba metaldehaidi inaweza kugusa ini siku 2 au 3 baadaye. Kwa hiyo mrudishe apimwe damu ya ini, hata kama anakula na kucheza. Hilo lifanye kesho.

Na swali moja nililosahau: alipakwa dawa ya kupe karibuni?

#29 KitaluChangu
Ndiyo! Niliogesha kwa dawa ya kupe siku 3 kabla. Sikuwaza kabisa kuitaja.

#30 Asha wa Mawaridi
Ya Rabi, hii nayo tena.

#31 MgangaMifugo
Tulia. Baadhi ya dawa za kuogeshea ni za jamii ya oganofosfeti. Hizo huleta udenda, machozi, kuharisha, kukojoa ovyo, mtetemo, na mara nyingi mboni huwa ndogo. Wako alikuwa na mboni pana, na siku 3 ni nyingi. Naiweka chini kabisa ya orodha. Ila niambie: paka analala na mbwa?

#32 KitaluChangu
Wanalala pamoja kila siku.

#33 Mkia wa Paka
Basi soma kopo hilo leo. Kama lina permethrini, paka akae mbali na mbwa mpaka manyoya yakauke kabisa, na ile dawa ya matone ya mbwa usimpake paka hata tone. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu ile kama la mbwa. Binamu yangu alipaka paka wawili dawa ya mbwa kwa kufikiri ni nusu dozi tu, wote wawili walitetemeka siku nzima.

#34 Tandu
Swali la kweli: sasa konokono tuwaue na nini? Wamenimalizia miche yote.

#35 Nyungunyungu
Laza ubao au gunia bichi kwenye tuta jioni, asubuhi geuza, utawakuta wamejipanga. Toka na tochi saa mbili usiku baada ya mvua, okota. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, usiwaandalie unyevu wa usiku. Miche michanga izungushie chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Kama lazima dawa, ipo ya fosfeti ya chuma, ni nafuu kwa wanyama kuliko metaldehaidi ingawa mbwa akila boksi zima naye ataugua. Uingereza wameshakataza metaldehaidi kutumika bustanini na mashambani tangu mwisho wa Machi 2022, kwa ajili ya ndege na wanyama wa porini.

Okota kwa glovu. Konokono na koa wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo kwa binadamu huenda hadi kwenye utando wa ubongo. Mbwa akila konokono anaweza kuugua vilevile, miguu ya nyuma inakosa nguvu.

#36 Upepo Mwanana
Kuna aliyeniambia nilete konokono anayekula konokono wenzake. Anajua wanakouzwa.

#37 Bundi Macho
Hapana, hapana. Hawaii walileta yule anayeitwa Euglandina rosea mwaka 1955 ale konokono wakubwa wa Afrika. Akageukia konokono wadogo wa kienyeji, akawamaliza aina baada ya aina. Moorea kule Pasifiki walirudia mwaka 1977, yakawa yale yale. Na Australia mwaka 1935 walileta chura wa miwa ale mende wa miwa. Mende hawakupungua. Chura wamejaa mpaka leo, na ndio wanaoua mbwa wa watu. Usilete mnyama, mwachie aliyepo nafasi.

#38 MwanaUkoka
Kumbe ndiye yule chura wa daktari wa #6. Hapo nimeelewa.

#39 Kobe Mzee
Nafthalini nimeziokota zote jioni hii, kasoro nilizosahau nilipoweka. Mjukuu ananisaidia kutafuta.

Na paka anayekula ndege je? Wangu nimemvika kengele.

#40 Mkia wa Paka
Mzee, Chuo Kikuu cha Exeter walipima hilo wakatoa matokeo mwaka 2021. Kengele haikuonyesha tofauti. Kilichosaidia ni chakula chenye nyama nyingi, mawindo ya kuletwa nyumbani yakapungua 36%, na kucheza naye dakika 5 hadi 10 kila siku, yakapungua 25%. Mfungie ndani alfajiri na jioni, saa ambazo ndege wako chini.

#41 Kokwa
Samahani naingilia. Nina sungura, na nyuma kuna mparachichi. Huwa nawapa majani. Baada ya kusoma uzi huu naogopa.

#42 MgangaMifugo
Acha leo. Mparachichi una kitu kinaitwa pasini, zaidi kwenye majani, na sungura, mbuzi na ndege wa kufugwa hawakiwezi. Kinagonga moyo. Mbwa anahimili zaidi, kwake hatari kubwa ni kokwa kumkwama. Wape nyasi, ziwe nyingi.

#43 Kokwa
Asante daktari. Nimeshayatoa bandani.

#44 KitaluChangu
Majibu ya ini yametoka. Kimoja kati ya vipimo kimepanda kidogo, daktari kasema turudie baada ya wiki. Nimemuuliza kama hiyo inamaanisha metaldehaidi, kasema kupanda kidogo vile kunaweza kuletwa hata na joto lenyewe.

@Fundi Majani nimekusanya matawi yote ya oleanda, ua wenyewe bado naupigia hesabu. Jirani kaacha vile vidonge, leo tumeokota konokono pamoja kwa tochi, ndoo nusu. Dawa ya kupe haina permethrini, nimesoma kopo mara mbili.

#45 Fundi Majani
Matawi yasichomwe, moshi wake nao ni sumu. Na usiyatie kwenye mboji.

#46 Nyungunyungu
Shimo umelifunika?

#47 KitaluChangu
Nimezungushia wavu wa chuma, nguzo nne na mlango mdogo wenye komeo. Urefu futi 3. Tundu la maji chini ya ukuta nimeliwekea wavu mdogo.

#48 Jembe Butu
Futi 3 ataruka huyo. Wangu kaliangusha bati na mawe yake yote manne usiku wa jana.

#49 Asha wa Mawaridi
Kweli, weka na mfuniko juu. Na chini kabisa acheni upenyo kidogo, kalunguyeye na vyura wapite.